Katiba ya Kenya na Mwambao wa Malindi

Watu hawawezi kukaa pamoja pasipo mapatano. Wavuvi wa chombo kimoja hupatana jinsi ya kugawana samaki kabla ya kutweka tanga. Wazee wa kaya hupatana nani aanze kusema barazani na nani amalize. Nchi nayo, kwa kuwa ni mkutano wa watu wengi wasiojuana, huhitaji mapatano makubwa zaidi yaliyoandikwa, na mapatano hayo ndiyo tunayoyaita katiba. Katiba hueleza nani atatawala, atatawala kwa muda gani, mipaka ya uwezo wake ni ipi, na mnyonge atakimbilia wapi akidhulumiwa. Lakini ndani ya kila katiba mna kifungu ambacho wasomaji wengi hukiruka, nacho ndicho kinacholinda vingine vyote: kifungu kinachosema katiba yenyewe itabadilishwaje. Kikiwa kizito kupita kiasi, nchi hufungwa na mawazo ya watu waliokwisha kufa. Kikiwa chepesi mno, ahadi ya jana hufutwa leo kwa kura ya mchana mmoja.

Katika kurasa hizi tutatazama jinsi katiba ya Kenya ilivyotungwa, ilivyobadilishwa na ilivyotungwa upya, na tutaitazama kutoka Malindi. Huenda msomaji akauliza, kwa nini Malindi na si Nairobi, mahali ambapo sheria hupitishwa? Jibu ni kwamba watu wa mwambao waliingia katika Kenya huru kwa ahadi zilizoandikwa, na mtu aliyeingia nyumbani kwa ahadi ndiye wa kwanza kusikia maumivu ahadi hiyo inapoguswa.

Malindi ni mji wa kale. Vasco da Gama alipofika huko mwezi wa Aprili, mwaka 1498, aliukuta una mfalme wake, na kutoka hapo alipata rubani wa kumvusha bahari hadi Bara Hindi. Mji ulidhoofika baadaye, ukafufuka katika karne ya 19 chini ya masultani wa Unguja, na mashamba yake makubwa ya nafaka yakalimwa kwa jasho la watumwa. Tarehe 14 Desemba, 1895, Sultani wa Unguja aliafikiana na serikali ya Uingereza kwamba Waingereza wautawale mwambao kwa niaba yake na kumlipa fedha kila mwaka. Sehemu hiyo ilikuwa ukanda wa maili kumi kutoka baharini kwenda bara, kuanzia mto Umba hadi Kipini. Bara ilipofanywa Koloni ya Kenya katika mwaka 1920, mwambao uliitwa Himaya. Waliotawala pande zote mbili walikuwa Waingereza wale wale, lakini kwa sheria ardhi ya Malindi iliendelea kuwa ya Sultani, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu huko Mombasa. Liwali na Kadhi waliendelea na kazi zao mjini.

Utawala huo haukuwatendea wakazi wote sawasawa. Katika mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi za mwambao. Aliyeweza kuthibitisha umiliki wake alipewa hati. Asiyeweza alihesabiwa kuwa hana kitu, hata kama babu zake walilima hapo. Waliofaidika zaidi walikuwa wenye mashamba wa Kiarabu na wa Kiswahili. Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda, pamoja na wazao wa watumwa walioachwa huru, wengi wao walibaki wakilima ardhi yenye hati za watu wengine. Wagiriama walikwisha kuonja ukali wa serikali: upinzani wao, ambao Mekatilili wa Menza ni mashuhuri miongoni mwa viongozi wake, ulizimwa kwa silaha katika mwaka 1914, na wale waliokaa kaskazini ya mto Sabaki wakaamriwa kuyaacha makonde yao mema na kuhamia ng'ambo ya pili. Wengi walirudi baadaye, lakini walirudi bila hati. Msomaji na akumbuke jambo hili, kwani katika historia ya katiba tutaliona tena.

Uhuru ulipokaribia, swali la mwambao lilizuka kwa nguvu. Je, ukanda wa Sultani uungane na Kenya, urudi Unguja, au ujitawale wenyewe? Waarabu na Waswahili wengi waliogopa kumezwa na watu wa bara, walio wengi kuliko wao na wa dini nyingine. Kwa hiyo wakadai Mwambao uwe nchi yake. Wamijikenda wengi nao waliogopa kinyume cha hayo. Waliona kwamba Mwambao wenye serikali yake ungewarudisha chini ya mabwana wale wale wenye hati za mashamba. Katika mwaka 1961 Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, aliletwa kusikiliza pande zote. Shauri lake lilikuwa kwamba mapatano ya mwaka 1895 yakomeshwe na mwambao uungane na Kenya kabla ya uhuru, ila wakazi wake wapewe kinga katika dini, mahakama na mali zao.

Wakati huo huo bara nako kulikuwa na hofu. Katika mwaka 1960 viliundwa vyama viwili vikubwa. KANU kilifuatwa zaidi na Wakikuyu na Wajaluo, makabila yenye watu wengi. KADU kilikusanya watu wa makabila madogo, na rais wake alikuwa Ronald Ngala, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1923, mwalimu wa shule, ambaye tangu mwaka 1957 alikuwa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuingia kwa kura katika Baraza la Kutunga Sheria. Ngala na wenzake walidai serikali ya majimbo, yaani kila jimbo liwe na baraza lake, lenye uwezo juu ya ardhi, shule, na mambo mengine ya nyumbani. Ni haki kusema kwamba baadhi ya walowezi wa Kizungu waliushabikia mpango huo kwa faida yao. Lakini hofu ya watu wa Pwani haikutungwa na walowezi. Mtu ambaye ardhi yake ilikwisha kugawanywa na serikali ya mbali ana sababu yake ya kutaka serikali iwe karibu.

Viongozi walikutana London, katika jumba la Lancaster, mwaka 1960, tena mwaka 1962, na mara ya tatu mwaka 1963. Katika mkutano wa pili KADU kilishikilia majimbo, na KANU kikakubali ili uhuru usicheleweshwe, huku viongozi wake wakikusudia kuigeuza katiba hiyo watakapopata madaraka. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa katiba iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni, 1963, siku ambayo Jomo Kenyatta alishika kazi ya Waziri Mkuu. Bunge lilikuwa na mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi, lililochaguliwa kwa kufuata wingi wa watu, na Seneti, ambamo kila wilaya ilikuwa na kiti kimoja, na Nairobi kimoja, jumla viti 41. Kulikuwa na majimbo saba, Pwani likiwa mojawapo, mbali na eneo la Nairobi.

Sasa tuutazame ule mlango wa kubadilishia. Kubadili kifungu cha kawaida kulihitaji robo tatu ya kura katika kila baraza. Vifungu vilivyolindwa zaidi, kama vile haki za raia, majimbo na Seneti yenyewe, vilihitaji robo tatu ya Baraza la Wawakilishi na sehemu tisa katika kumi za Seneti. Hesabu yake ni nyepesi: katika viti 41, maseneta watano tu wakikataa, badiliko limekufa. Watunzi walidhani wamelitia komeo ambalo mkono mmoja hauwezi kulifungua. Katika mkutano wa mwisho, mwezi wa Oktoba 1963, komeo hilo lililegezwa: serikali ikishindwa kupata kura hizo Bungeni, iliweza kuwauliza wananchi kwa kura ya maoni, na theluthi mbili za kura zingetosha.

Katika mwezi huo huo wa Oktoba jambo la mwambao lilikamilishwa. Tarehe 5, Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua. Tarehe 8 mapatano yakatiwa sahihi. Sultani aliacha haki zake juu ya ukanda. Badala yake Kenya iliahidi uhuru wa ibada, kudumu kwa mahakama za Kadhi kwa Waislamu, mafundisho ya Kiarabu kwa watoto wao, maofisa wa serikali wa Kiislamu kadiri itakavyowezekana mahali penye Waislamu wengi, na heshima kwa hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa.

Hebu tuisome ahadi hii ya mwisho kwa macho ya watu wawili wa Malindi. Kwa mwenye shamba mjini ilikuwa ngao, kwa sababu alihakikishiwa kwamba mali ya babu yake haitanyang'anywa. Kwa mkulima wa Kigiriama aliyekuwa akilipa kodi ili apande muhogo katika ardhi aliyoihesabu kuwa ya wazee wake, maneno yale yale yalikuwa kufuli juu ya dhuluma ya mwaka 1908. Hapa pana fundisho kubwa kwa mwanafunzi wa historia. Katiba inaposema kwamba italinda haki zilizopo, tuulize haki hizo zilipatikanaje, na ni nani aliyekuwa nje ya mlango siku zilipogawanywa.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba, 1963, na Malindi ikiwamo. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari, 1964, mapinduzi yalimwondoa Sultani pamoja na serikali ya Shamte. Upande mmoja wa zile barua mbili ulikuwa umetoweka, na ahadi zilibaki mikononi mwa yule aliyeahidi.

Serikali mpya haikukawia kuigusa katiba. Tusiwanyime KANU haki ya kusikilizwa: walisema kwamba nchi changa na maskini haiwezi kulisha mabaraza saba ya majimbo, kwamba maafisa wa kuyaendesha ni wachache, na kwamba mipaka ya majimbo itawagawa watu waliokwisha kugawanywa vya kutosha na mkoloni. Hoja hizo zilikuwa na uzito. Lakini majimbo hayakupewa nafasi ya kujaribiwa, kwa maana serikali kuu ilichelewesha kuyakabidhi fedha na madaraka yaliyoandikwa. Huwezi kusema jahazi halina mbio ikiwa hukulitweka tanga.

Katika mwaka 1964 uliletwa mswada wa kuifanya Kenya kuwa jamhuri yenye Rais mwenye uwezo mkubwa, na kuyapunguzia majimbo nguvu. Serikali ilitangaza kwamba Seneti ikikataa, wananchi wataulizwa kwa kura ya maoni. Wabunge wa KADU walikuwa wakihamia KANU mmoja mmoja. Ngala akapima upepo, na tarehe 10 Novemba, 1964, akatangaza Bungeni kwamba KADU kimevunjwa, na yeye na wafuasi wake wanajiunga na serikali kwa ajili ya umoja wa taifa. Jamhuri ilizaliwa tarehe 12 Desemba, 1964. Lile komeo la tisa katika kumi halikuvunjwa. Walinzi wake waliondoka mlangoni. Ngala mwenyewe alikuwa waziri miaka michache baadaye, na alifariki mwezi wa Desemba 1972 baada ya ajali ya gari.

Yaliyofuata yalikuja kwa mfano wa haba na haba. Katika mwaka 1965 kiasi cha kura za kubadili katiba kilishushwa hadi theluthi mbili kwa vifungu vyote. Katika mwaka 1966 iliamriwa kwamba mbunge anayekihama chama chake apoteze kiti. Sheria hiyo ilielekezwa kwa Oginga Odinga na wenzake waliokuwa wakiunda chama kipya. Mwaka huo huo Seneti ilifutwa, na maseneta wakaingizwa katika baraza moja la Bunge. Katika mwaka 1968 mabaraza yaliyosalia ya mikoa yalifutwa nayo. Tazama mpango wake: kwanza komeo lililegezwa, kisha vilivyokuwa nyuma ya komeo vikatolewa. Mambo haya yote yalifanywa kwa kufuata sheria, kwa kura zilizohesabiwa. Ndiyo maana ni muhimu kwetu kujifunza, kwa kuwa si kila kitu kinachofuata sheria kinafuata mapatano.

Mwisho wa njia hiyo ulionekana katika enzi ya Rais Daniel arap Moi, ambaye zamani alikuwa kiongozi wa KADU pamoja na Ngala. Mwezi wa Juni 1982 Bunge liliongeza kifungu cha 2A, kilichofanya KANU kuwa chama pekee cha siasa nchini. Katika mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali waliondolewa kinga ya kazi zao, na katika mwaka 1988 majaji nao wakaondolewa. Katiba iliyobaki ilikuwa kama nyumba ambayo mwenyewe ameuza milango, madirisha na nusu ya paa, akaendelea kuiita nyumba.

Marekebisho yalianza kwa madai ya wananchi wenyewe: mawakili, viongozi wa dini, wanafunzi, wanasiasa waliofungwa, na watu wa kawaida waliopigwa katika mikutano. Kinga ya majaji ilirudishwa mwaka 1990. Mwezi wa Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na mwaka uliofuata ukafanyika uchaguzi wa vyama vingi. Katika mwaka 1997 wabunge wa pande zote walipatana juu ya marekebisho machache kabla ya uchaguzi. Lakini wengi waliona kwamba viraka havitoshi, na nguo mpya inatakiwa. Tume iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilikusanya maoni ya wananchi katika kila pembe ya nchi. Rasimu ya kwanza kupelekwa kwa kura ya maoni ilikataliwa tarehe 21 Novemba, 2005. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambayo yaliua watu zaidi ya 1,000, viongozi waliona kwamba kuchelewa ni hatari. Tarehe 4 Agosti, 2010, takriban theluthi mbili za wapiga kura waliikubali katiba mpya, na tarehe 27 mwezi huo Rais Mwai Kibaki akaitia sahihi mbele ya umati.

Kwa mtu wa Malindi, katiba hiyo ilikuwa na mengi yaliyofanana na ndoto ya Ngala, ingawa haikutumia jina la majimbo. Nchi iligawanywa katika kaunti 47, na zilizokuwa wilaya za Kilifi na Malindi zikawekwa katika Kaunti ya Kilifi. Seneti ilirudi baada ya uchaguzi wa mwaka 2013. Kaunti zilihakikishiwa fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, ili zisife njaa kama yale majimbo ya mwaka 1963. Baraza la Kaunti ya Kilifi lilipoanza kazi, lilifanya vikao vyake Malindi, huku makao ya gavana yakiwa mjini Kilifi. Mahakama za Kadhi zilihifadhiwa katika kifungu cha 170, baada ya mabishano makali na makanisa kadhaa yaliyotaka ziondolewe. Ile ahadi ya mwaka 1963 ilivuka miaka 47 ya mabadiliko, na sababu yake inaweza kufikiriwa: majimbo yalipunguza uwezo wa mtawala, lakini Kadhi anayeamua ndoa, talaka na mirathi hakumpunguzia mtawala chochote.

Kuhusu ardhi, katiba ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za zamani. Hilo ni jambo kubwa, kwani kwa mara ya kwanza sheria kuu ya nchi ilikiri kwamba hati inaweza kuwa halali na bado ikawa imezaliwa na dhuluma. Hata hivyo kukiri si kulipa. Katika vijiji vya Magarini na kandokando ya Malindi wako wakulima wengi walioingia karne ya 21 wakiwa bado maskwota, na karatasi haimpi mtu shamba mpaka watu waitekeleze.

Na ule mlango wa kubadilishia? Watunzi wa mwaka 2010 walikuwa wamejifunza. Mambo makuu, kama vile haki za raia, muda wa Rais, uhuru wa mahakama na ugatuzi, hayawezi kubadilishwa na Bunge peke yake. Lazima wananchi wapige kura, na katika angalau nusu ya kaunti wajitokeze si chini ya asilimia 20 ya walioandikishwa. Raia wenyewe wanaweza kuanzisha badiliko kwa sahihi milioni moja, kisha mabaraza ya kaunti yaulizwe. Mlango huu ulijaribiwa upesi. Badiliko kubwa lililoungwa mkono na Rais Uhuru Kenyatta lilizuiwa na Mahakama Kuu mwezi wa Mei 2021, na tarehe 31 Machi, 2022, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Rais hawezi kuitumia njia iliyowekwa kwa ajili ya wananchi. Katika mwaka 1964 neno la mkuu wa serikali lilitosha kuwaondoa walinzi mlangoni. Mara hii walinzi walikaa.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Katiba ni deni ambalo kizazi kimoja hukiachia kizazi kingine, na anayelidai ni kila raia, mwenye hati na asiye na hati. Kubadili katiba si kosa. Kenya isingetoka katika utawala wa chama kimoja bila kuibadili. Basi, kijana msomaji, siku utakapoletewa badiliko ulipigie kura, usitosheke na wimbo wa mkutanoni. Uliza nani anaongezewa uwezo, na nani anaondolewa kinga. Uliza kama badiliko hilo linalegeza komeo ili lingine lipite kesho. Kisha mfikirie yule mkulima wa ng'ambo ya Sabaki, ambaye katika mwaka 1895, 1908 na 1963 mapatano yalifanywa juu ya ardhi aliyoilima na hakuna aliyemwuliza. Katika mwaka 2010 aliulizwa.

Kama jibu lake litatimizwa, hilo ni deni la kizazi chenu.